Mama Mkwe Aliitwa Kufua

Mashine ya kufulia ya Veronicah ilikufa siku ya kufua nepi, kama punda anayechagua kulala katikati ya kilima. Ilipiga ukelele mmoja, ikatetemeka, ikatembea yenyewe kutoka ukutani hadi mlango wa bafu, ikasimama hapo na maji tumboni. Veronicah alikuwa na mtoto mchanga begani na mshono wa upasuaji ambao haujapona. Mumewe, Tobias, alikuja akaizunguka mashine mikono nyuma, akaigonga kwa ncha ya kiatu, akasema:

"Hii ni ya kufikiria."

Na kweli akafikiria. Tobias alikuwa mtu wa ofisi mjini, kwenye jengo lenye lifti, na kufikiria ndiko kulikomlisha. Jumatatu alisema mashine itengenezwe, maana vitu vya zamani vina chuma cha kweli. Jumatano akasema hapana, inunuliwe mpya, maana dunia inaenda mbele. Ijumaa akasoma kwenye simu maoni ya watu wa nchi za mbali wasiomjua wala kujua maji ya mtaa wao wa Kilimani hutoka siku gani. Jumapili akawauliza marafiki, na kila rafiki akawa na mashine yake ya kusifu. Kutengeneza au kununua? Kununua au kutengeneza? Swali likawa mgeni wa kudumu mle nyumbani: linakula, linalala, ila kufua halifui.

Na nguo je? Nguo zilifuliwa. Hapo ndipo palipokuwa na ubaya wenyewe. Kila asubuhi Tobias alifungua kabati akakuta shati jeupe limenyooka, kola ngumu kama mkate wa juzi. Kwa hivyo kwake yeye mashine ilikuwa nzima. Iliharibika kwa Veronicah peke yake, aliyepiga magoti kwenye sakafu ya bafu, karai mbele yake, mtoto akilia chumbani.

Mama yake Veronicah aliitwa Nanjala. Aliishi Kabiria, katika chumba cha mwisho cha ploti moja yenye geti la kijani. Alikuwa na mwili mdogo, meno machache, na kumbukumbu yote. Mtu akimkosea hakupiga kelele. Alishika pembe ya leso yake, akafunga fundo, akangoja. Mafundo mengine yalikuwa ya watu waliokwisha kuzikwa, na bado hakuyafungua. Alisema kufa si kuomba msamaha.

Msomaji asiye wa huko atauliza: kwa nini mama huyu hakuhamia Kilimani akamsaidia mwanawe? Ngoja nikuambie. Huko kwao Bungoma, mama mkwe na mkwe wa kiume huwekwa mbali kama kiberiti na mafuta ya taa. Hawashikani mikono. Hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mmoja hutafuta kitu cha kutazama kwenye majani. Na nguo za ndani za mkwe, hizo hata kutajwa hutajwa mtu akiwa ameelekea ukutani. Mama mkwe akizishika, nyumba ya mkwe imeingia uchafu, na hakuna mtu wa kwao atakayekula wala kunywa humo mpaka mbuzi apige kelele na blanketi jipya lifunike mabega ya mama.

Basi Nanjala alikuja mchana tu, Tobias akiwa ofisini, na chupa ya uji kwenye kikapu, akaondoka kabla watu wa ofisi hawajarudi. Siku moja alifika akamkuta Veronicah bafuni, ameinama juu ya karai. Alipoinuka, gauni lake lilikuwa na doa jekundu chini ya kitovu.

"Hiyo ni nini?"

"Ni maji, Mama."

"Maji ya rangi hiyo nimeyaona mara nyingi. Kaa chini."

Veronicah akakaa kitandani. Mshono ulikuwa umefunguka pembeni, kidogo tu, kama mdomo unaotaka kusema. Nanjala aliupangusa kwa maji ya moto na chumvi, akamfunika, akaketi.

"Daktari alisema usiiname."

"Alisema."

"Na mashine?"

"Tobias anasema kuna kitu kinaitwa beringi. Imeagizwa ng'ambo, iko kwa meli. Fundi ni yule Singh wa Parklands. Ikifika itatengenezwa. Ama tununue mpya. Bado anafikiria."

"Na mama fua? Nyumba zote za hapa zina mama fua."

"Anasema hataki watu wa nje washike vitu vyake." Veronicah akatazama pembeni. "Usimkasirikie, Mama. Ana mambo mengi. Watu wa nyumbani wanakuja hapa Jumapili ya mwisho wa mwezi, wanataka kumfanya mwenyekiti."

Nanjala akasonya ndani kwa ndani. Watu wa nyumbani walikuwa na chama chao hapo Nairobi, cha kuzikana na kuoana, na mkubwa wao alikuwa Mzee Wesonga, mtu aliyejua mila zote na kutosamehe hata moja. Tobias naye mila aliivaa Jumapili kama koti, akaitundika Jumatatu.

Kesho yake Nanjala alipanda gari hadi Parklands. Gurcharan Singh alikuwa na karakana nyuma ya duka la vitambaa, mashine zimepangwa hadi dari, nyingine matumbo nje. Alikuwa mzee kama yeye, ndevu nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi.

"Karibu, mama. Nani anatuma wewe?"

"Sikutumwa. Mimi ni mama mkwe wa Tobias, yule wa mashine ya Kilimani."

Gurcharan akaweka bisibisi chini. "Aa. Tobias ya kufikiria."

"Nimekuja kuuliza kuhusu kitu chake kilicho kwa meli."

"Meli gani?" Akavuta droo, akatoa boksi dogo lenye vumbi. "Beringi iko hapa. Iko hapa kabla mvua haijaanza. Mimi napiga simu, yeye nasema, 'Singh, ngoja kwanza, nataka kununua mpya.' Mimi nasema, sawa, nunua, mjini mashine iko mingi kama nyanya. Yeye nasema, 'Ngoja kwanza, pengine tutengeneze.' Sasa mimi iko mzee, mama. Kungoja hapana mchezo."

"Ungekuwa wewe, ungetengeneza au ungenunua?"

"Tengeneza, sawa. Nunua, sawa. Kukaa tu, hiyo ndiyo mbaya. Maji alibaki ndani, sasa nakula chuma. Saa hii hata beringi haiwezi saidia. Labda dramu peke yake ndio nzima. Ile dramu ya ndani haishiki kutu. Hiyo itazika sisi wote."

Nanjala akamshukuru. Alipotoka nje alisimama kando ya barabara, akashika pembe ya leso akafunga fundo, akalikaza kwa meno machache aliyobakiwa nayo. Kisha akatoa simu. Simu haina mkono, kwa hivyo mila haikuikataza.

"Mkwe, habari ya kazi?"

"Nzuri, Mama. Niko na watu hapa. Kuna shida?"

"Nimetoka kwa Singh. Ile meli yako imefika. Imekaa kwa droo tangu kabla ya mvua."

Halafu akasikia vicheko vya watu, na sauti ya Tobias ikawa kubwa, sauti ya mtu anayechezea wenzake ngoma: "Jamani, nashtakiwa na mama mkwe kwa sababu ya mashine!" Alikuwa ameiweka simu kwa spika. "Mama, hayo ni mambo ya nyumba yangu. Kwani Vero mikono imekatika? Wewe si umefua maisha yako yote na hukufa? Kama unamhurumia sana, kuja ufue wewe!"

Ofisi nzima ikacheka. Angekuwapo hata mtu mmoja wa kwao, angeifunika ile simu kwa koti na kukimbia nayo chooni. Hakuwapo. Alikuwapo Tobias peke yake, na kwa Tobias siku hiyo ilikuwa ya kazi, koti la mila liko msumarini.

"Umesema nije nifue," akasema Nanjala taratibu.

"Eh, kuja! Kilimani si mbali."

"Asante, mkwe. Nimesikia."

Alikata simu akiwa anatabasamu. Jirani aliyemjua angeona lile tabasamu angehama.

Ila Nanjala hakuwa mwehu. Mwiko ni mwiko. Nguo za ndani za Tobias hangezishika hata kwa koleo, maana uchafu huo haumchagui mtu: ungemshika mkwe na ungemshika na yeye. Alitaka kumchoma mtu bila kuungua kidole. Akalala na hilo wazo, akaamka nalo, na Jumamosi ile ya kuamkia mkutano akapitia soko la Toi kabla jua halijakaa sawa.

Muuza mitumba mmoja alikuwa amepanda juu ya meza akiimba bei, akamwita Nanjala kama bibi yake. "Shosh! Kuja uone! Leo ni leo!"

"Nionyeshe za ndani. Za mwanamume."

"Mwanamume wa saizi gani, shosh?"

"Mkubwa wa maneno, mdogo wa kiuno."

Meza zote za karibu zikacheka. Nanjala akachambua moja moja. Mpya hakutaka, alitaka zilizovaliwa zikazoea. Akachagua fulana mbili, pajama za mistari, na boksa kadhaa, na mojawapo ilikuwa nyekundu kama pilipili, imechorwa bata wa manjano toka kiunoni hadi magotini.

"Hiyo ya bata ni kali," akasema kijana. "Ni ya babu?"

"Babu alishakufa. Hii ni ya maombolezo."

"Ya nani tena?"

"Atajijua mwenyewe."

Alifika Kilimani na furushi kichwani. Soja wa geti, Mutiso, alimjua. "Mama Vero, leo umebeba nini?"

"Nimeitwa na mkwe wangu nifue."

Mutiso akacheka, halafu akaacha kucheka, maana kwao Ukambani pia mama mkwe ni mama mkwe. "Unafanya mzaha, mama."

"Aliyefanya mzaha ni yeye. Mimi nimekuja na sabuni."

Hakuingia kwa Veronicah. Alipanda moja kwa moja hadi paa la jengo, mahali pa masinki ya kufulia na kamba za kuanikia. Jumamosi asubuhi pale juu palikuwa soko. Wanawake wa kila nyumba, wenye nyumba na wafanyakazi, walikuwa wamekunja mikono, povu hadi viwikoni, na habari za jengo zima zinapita kutoka sinki hadi sinki. Mkubwa wa habari alikuwa Millicent, mfanyakazi wa ghorofa ya pili, mzaliwa wa huko huko Bungoma, na mwimbaji katika kwaya ile ile ya mke wa Mzee Wesonga. Nanjala alijua hilo. Ndiyo maana alichagua sinki la karibu naye.

"Mulembe, kukhu," akaamkia Millicent kwa lugha ya kwao, akimwita bibi. "Umetoka Kabiria kuja kufua huku?"

"Mulembe, mwanangu. Niliitwa." Akafungua furushi, akatoa pajama za mistari, akazitumbukiza majini.

"Umeitwa na nani?"

"Mkwe wangu. Tobias wa ghorofa ya nne. Mashine imekufa, na yeye bado anafikiria. Akaniambia kwa simu, mbele ya watu wa ofisi yake: kama unamhurumia mtoto wako, kuja ufue wewe. Basi nimekuja. Mkubwa akiita, utakataa?"

Alitoa fulana. Akatoa boksa ya kwanza. Millicent alikuwa ameshika kibanio cha nguo mdomoni, kikaanguka.

"Kukhu! Hizo ni..."

"Ni nguo, mwanangu. Mimi nafua kilicho mbele yangu."

Angalia vizuri hapo, msomaji. Hakusema ni za nani. Tangu asubuhi hadi jioni hakusema, na mtu akimtafutia uongo hatampata nao. Alisema aliitwa, na aliitwa kweli. Alisema anafua, na povu lilikuwa hapo. Mengine watu walijijazia wenyewe, kama mtungi chini ya bomba.

Alipoitoa ile ya bata akaikunjua mbele ya jua, akaikung'uta mara mbili ili matone yamwagike, akaitundika kwenye kamba ya mbele inayoonekana hadi barabarani. Upepo ukaingia ndani yake, ikajaa, bata wakaruka. Wa kwao walishika vichwa. Wasio wa kwao waliuliza, wakaelezwa kwa kunong'onezwa, nao wakashika vichwa. Millicent akapangusa mikono haraka, akatoa simu, akapiga picha moja.

"Unaipeleka wapi, mwanangu?" Nanjala akauliza bila kugeuka.

"Si popote, kukhu. Ni kumbukumbu."

"Peleka salama."

Kabla pajama hazijaacha kudondoka, kumbukumbu ilikuwa imefika kwa kwaya, ikatoka kwa kwaya ikafika kwa mke wa Wesonga, ikatoka kwake ikafika kwa Mzee mwenyewe, aliyekuwa akinyolewa Kawangware. Inasemekana alitoka kwenye kiti cha kinyozi na nusu ya ndevu.

Tobias alikuwa buchani akichagua nyama ya wageni wa kesho. Alipanda ngazi za lile jengo mbio, lifti ikiwa mbovu, mfuko wa nyama unampiga goti. Alipofika mlango wa paa akasimama kama aliyegonga ukuta. Pale mbele alikuwa mama mkwe, mikono kwenye povu, na juu ya kichwa chake bata wa manjano wanapepea. Kusonga mbele hakuweza. Kurudi nyuma hakuweza. Akageuza uso akaongea na tangi la maji.

"Mama."

"Mkwe. Umefika. Nyama umepata?"

"Mama, Mzee Wesonga amenipigia. Anasema kesho hawaji. Anasema nyumba yangu haikaliki. Mama, tafadhali, hizo nguo..."

"Nguo zipi?"

"Hizo."

"Uliniita, nimekuja. Ama hukuniita?"

"Nilikuwa natania!"

"Na mimi nacheka. Huoni ninavyocheka?" Akakamua fulana mpaka ikalia.

Veronicah alikuwa amepanda polepole, mtoto mgongoni mwa jirani, mkono mmoja tumboni. Alisimama nyuma ya mumewe. Akatazama kamba. Nguo za ndani za Tobias alizinunua yeye, alizifua yeye, alizikunja yeye. Alizijua moja moja kama mtu anavyojua kuku wake. Bata hawa hakuwahi kuwaona. Akamtazama mama yake. Mama yake akamtazama, akafumba jicho moja.

Nanjala akaichukua ile nyekundu kutoka kwenye kamba akaiinua juu kwa vidole viwili. "Hebu tuseme ukweli mbele ya watu, mkwe, isije ikawa nimefua cha mtu mwingine nikaambiwa mwizi. Hii ya bata. Ni yako?"

Tobias aligeuka nusu, akaitupia jicho la haraka, jicho la mtu anayetazama ajali. Mwanamume aliyekuwa akivaa nguo safi kila siku ya maisha yake, na hakuwahi hata siku moja kuona zinatoka wapi.

"Ni yangu, Mama," akasema kwa sauti ndogo. "Iweke tu chini. Tafadhali."

Veronicah akaingiza pembe ya kitenge mdomoni akaiuma. Kucheka kulivuta mshono.

"Mmesikia," akasema Nanjala kwa paa lote. "Amesema ni yake. Basi sasa tufikirie, mkwe, maana kufikiria unakuweza. Ile mashine. Itengenezwe au inunuliwe?"

"Itengenezwe! Leo! Beringi iko kwa Singh!"

"Singh anasema maji yamekula chuma wakati wewe unasoma simu. Ya kutengeneza imepita."

"Basi inunuliwe! Naenda mjini saa hii!"

"Utaenda. Lakini duka la mjini halileti mzigo leo, na mtoto amechafua nepi tangu alfajiri, ziko kwenye ndoo kule chini. Vero haruhusiwi kuinama. Mimi ukiniacha nitaendelea na hizi, nimezoea sasa. Nani atafua?"

Tobias akatazama tangi la maji, tangi likamnyima jibu. Akatazama wanawake. Wanawake wote walikuwa wameegemea masinki yao kama watu waliolipa kiingilio.

"Mimi," akasema.

"Upepo umebeba. Nani?"

"Mimi, Mama! Mimi nitafua."

Akapewa sinki la mwisho, mbali na mama mkwe kama mila inavyotaka. Ndoo ikaletwa. Akakunja mikono ya shati jeupe. Alipoinamia nepi ya kwanza, aliziba pua kwa bega, na Mutiso, aliyekuwa ameacha geti wazi ili asikose, akasema "Pole, bosi" kwa heshima kubwa. Nanjala alikalia ndoo iliyopinduliwa, mgongo kwake, akamwelekeza kupitia kwa Millicent kama mfalme anayesema kupitia mkalimani.

"Mwambie asugue kwa katikati."

"Anasema usugue kwa katikati."

"Mwambie hiyo ni nepi, si mkono wa mgonjwa. Atie nguvu."

"Anasema utie nguvu."

"Mwambie mgongo ukiuma ni kawaida. Hata wenye mshono huumwa."

Hiyo Millicent hakuirudia. Ilifika yenyewe. Tobias akainua uso, kwa mara ya kwanza akamtazama mkewe aliyesimama pale mlangoni na mkono tumboni. Akainama tena, na kuanzia hapo akasugua bila kuambiwa.

Veronicah akaja karibu na mama yake, akanong'ona, "Mama, inatosha."

"Imekutosha wewe. Una moyo wa baba yako." Nanjala akamtazama yule mwanamume aliyeloa hadi kifuani, vidole vimekunjamana kama vya mzee. Alikuwa amengojea kuona huruma ikija. Alijipapasa ndani, hakuikuta. Alikuta utamu tu, kama mtu aliyeramba sufuria. "Bado kuna mashuka," akasema.

Wazee walikuja Kabiria juma lililofuata. Mzee Wesonga alikaa kwenye kiti chenye mgongo, ndevu sasa zote zimenyolewa, akauliza jambo kwa jambo. Je, mkwe alimwita mama mkwe kufua? Alimwita, na ofisi nzima ilisikia. Je, mama alizishika?

"Nilishika zilizokuwa kwenye maji," akasema Nanjala, macho chini. "Kama ni zake, mwenyewe yuko. Muulize."

Tobias alikuwa nje ya mlango, amegeukia ukuta. "Ni zangu, Mzee," akasema. "Hata za bata."

Wesonga akafumba macho kwa uchungu. Hukumu ikawa mbuzi dume asiye na kasoro, na blanketi zito, na uenyekiti upewe mtu mwingine, maana mtu aliyeshindwa kuamua mashine moja mpaka akamwita mama mkwe ataongozaje watu elfu mazishini. Hakuna aliyepinga. Tobias mwenyewe alitikisa kichwa kukubali, haraka, kama anayeogopa mama atafungua furushi lingine.

Mashine mpya ilikuwa tayari imefika Kilimani, nyeupe, na mlango wa kioo. Ile ya zamani Gurcharan aliichukua kwa mkokoteni, akaifungua, akatupa kilichooza. Dramu akampelekea Nanjala mwenyewe, ameishika kwa mikono miwili kama keki.

"Nilisema iko nzima, mama. Fanya yeye kitu."

Nanjala akamfanyia kitu. Dramu ile ina matundu pande zote, hewa inapita kama inavyotakiwa. Ukitia makaa ndani na wavu juu, hakuna jiko la kuishinda. Mbuzi wa Tobias alichomwa juu ya dramu ya mashine ya Tobias, kwenye ua wa ploti ya Kabiria, na mafuta yakadondokea mle mle nepi zilimokuwa zikizunguka zamani. Wazee walikula. Gurcharan, asiyekula nyama, aliletewa mahindi akayachoma pembeni na kulisifu jiko. Tobias alikula kwa mbali, amegeuza mgongo kama adabu inavyodai. Nanjala alikaa kwenye joto na blanketi jipya mabegani, ingawa jua lilikuwa kali. Hakulivua.

Jioni, wageni wakiwa wameondoka, Veronicah alibaki akikusanya sahani, taratibu, mshono umefunga sasa.

"Mama. Zile nguo uliziweka wapi?"

"Zipi?"

"Mama."

Nanjala akaonyesha sanduku chini ya kitanda. "Nimezipiga pasi."

"Si utupe?"

"Kwa nini nitupe kitu kizima? Mashine mpya nayo ni mashine. Siku moja itakufa."

Veronicah akacheka, na safari hii hakukuumiza. Lakini alipotazama pembe ya leso ya mama yake aliona fundo bado liko, limekazwa vile vile, na alama za meno: mbuzi ameliwa, msamaha haujaombwa.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi asubuhi simu ya Nanjala hulia. Ni Tobias. Hakuambiwa apige; alianza mwenyewe, na mama mkwe hakumkataza.

"Mama, habari ya asubuhi. Nimeweka nguo. Zangu nimeweka mwenyewe."

"Nisikilizishe."

Tobias huinama, akaelekeza simu kwenye mlango wa kioo, magoti kwenye sakafu ya bafu. Kule Kabiria, Nanjala huweka simu sikioni na kuegemea ukuta wenye jua. Husikia maji yakiingia. Husikia nguo zikigeuka, zikipigwa, zikigeuka. Huchukua muda mrefu, na mkwe mgongo humuuma, na yeye anajua.

"Imemaliza, Mama."

"Mbona sijasikia ikilia kengele ya kumaliza?"

"Imebaki kidogo tu."

"Basi ngoja hapo hapo, mkwe," husema Nanjala, akifunga macho. "Mimi pia nangoja."